Siku nzima na redio ya maongezi: Uingereza, miaka ya sabini

Jumamosi, saa tano usiku

Najua wengine mmebanwa na majaribio na wengine boom limeshakata, lakini leo nina kitu kirefu kidogo, kwa hiyo tafuteni chai kwanza.

Wiki hii kwenye semina ya historia ya vyombo vya habari kulizuka ubishi mkali. Jamaa mmoja akatoa hoja kwamba redio ilikufa pale televisheni ilipoingia majumbani, kilichobaki ni muziki na matangazo ya sabuni. Hoja tamu, ila historia haiko hivyo. Nikaamua nichukue nchi moja, stesheni moja na muongo mmoja, tuone ilikuwaje. Nchi ni Uingereza, stesheni ni BBC Radio 4, muongo ni miaka ya sabini. Wakati huo nyumba nyingi sana kule zilishakuwa na televisheni sebuleni. Kama redio ya maongezi, yaani ile ya habari, mahojiano, michezo ya redio na porojo bila muziki wa mfululizo, ilitakiwa kufa, basi ilitakiwa ifie hapo hapo.

Haikufa. Na kadiri nilivyosoma, swali la kwa nini haikufa likaanza kuonekana dogo mbele ya swali lingine: humo ndani, nani aliruhusiwa kufungua mdomo? Tutaipitia siku moja ya kawaida kuanzia alfajiri mpaka usiku wa manane, na swali hilo tutatembea nalo mfukoni.

MSINGI KIDOGO

Radio 4 ilianza tarehe 30 Septemba 1967. Haikutoka hewani tu, ilikuwa ni ile Home Service ya zamani iliyopewa jina jipya. Siku hiyo hiyo ikazaliwa Radio 1 kwa ajili ya vijana na muziki wa pop, baada ya serikali kuzibana redio haramu zilizokuwa zikirusha matangazo kutoka kwenye meli baharini. Radio 2 ikachukua muziki laini, Radio 3 muziki wa klasiki.

Mwezi Julai 1969 BBC ikatoa waraka ulioitwa "Broadcasting in the Seventies". Ujumbe wake kwa kifupi: kila stesheni ishike kazi yake moja, tuache kuchanganya. Radio 4 ikapewa maongezi. Baadhi ya wafanyakazi wa BBC wenyewe wakapinga mpaka magazetini. Walisema ukimtenga msikilizaji kwenye kikapu chake, unamnyima ile bahati ya kukutana na kitu ambacho hakukitarajia. Mpenda muziki hatasikia tena mjadala, na mpenda mjadala hatasikia tena muziki. Mnaona wadau, mabishano tunayofanya sisi leo kuhusu kila mtu kufungiwa kwenye anachokipenda, wenzetu waliyafanya kitambo.

Waraka ulipita. Aprili 1970 ratiba mpya ikaanza, na mwaka huo peke yake vilizaliwa vipindi vya "PM", "The World Tonight", "Start the Week", "Analysis" na "You and Yours". Februari 1971 leseni ya redio ikafutwa. Kuanzia hapo mtu alilipia televisheni tu, redio bure.

Kuna tatizo moja la kihistoria hapa. Maongezi ya redio ni kama moshi. Kanda nyingi za wakati ule zilifutwa na kurekodiwa juu yake, au kipindi kilienda moja kwa moja bila kuhifadhiwa. Kilichobaki kwa wingi ni karatasi: ratiba zilizochapwa kila wiki kwenye jarida la Radio Times. Mwaka 2014 BBC iliziweka ratiba hizo mtandaoni, kuanzia 1923 mpaka 2009. Kwa hiyo mara nyingi tunajua saa, jina la kipindi na nani aliongea, ila sauti yenyewe haipo. Ni kama kukuta viti vya harusi vimepangwa na wageni wote wameshaondoka.

ASUBUHI: WATU WANANYOA NDEVU

Siku inaanza na wakulima. Kabla jua halijachomoza kulikuwa na habari za kilimo, hali ya hewa na bei za mazao. Halafu kinafuata kipindi kikubwa cha asubuhi, "Today", kilichokuwa hewani tangu Oktoba 1957.

Angalieni kilivyojengwa. Vipande vifupi vifupi, na saa inatajwa kila mara. Sababu si kwamba watangazaji walikuwa na haraka. Msikilizaji ndiye alikuwa na haraka: ananyoa ndevu, anachemsha chai, anatafuta soksi ya mtoto, anawahi treni. Masikio yako huru lakini macho na mikono vina shughuli. Televisheni ilidai mtu akae. Redio ilikubali mtu asimame, na baada ya transista kuenea ilikubali hata atembee nayo kutoka jikoni mpaka bafuni. Hapo ndo ulipo uhai wake wote, na kila saa ya ratiba ya Radio 4 ukiichunguza utaona imekatwa kwa kipimo cha mikono ya watu inafanya nini saa hiyo.

Mtangazaji maarufu wa "Today" mpaka 1971 alikuwa Jack de Manio. Huyu bwana alisifika kwa jambo moja la ajabu: kukosea saa. Kipindi ambacho kazi yake namba moja ni kuwaambia watu muda, mtangazaji anasoma saa vibaya, na watu wanampenda hivyo hivyo. Lakini ana doa lingine lisilochekesha. Mwaka 1956, wakati Malkia yuko ziarani Nigeria, alitakiwa kutangaza kipindi kuhusu nchi ya mto Niger. Ulimi ukamponyoka na jina la mto likatoka kama tusi la kibaguzi kwa watu weusi. Ilikuwa kashfa kubwa na aliadhibiwa kazini, lakini baada ya miaka miwili tu ndiye huyo huyo aliyepewa "Today". Wekeni hilo kumbukumbu, tutalihitaji jioni.

Baada yake walikuja akina John Timpson, Robert Robinson na, kuanzia 1975, Brian Redhead. Kipindi kikawa kigumu zaidi, mahojiano ya wanasiasa yakaongezeka. Mwaka 1977 uongozi ukajaribu kukikata vipande viwili na kujaza katikati kwa kitu chepesi kilichoitwa "Up to the Hour". Wasikilizaji hawakukipenda hata kidogo, na mwaka 1978 kikaondolewa. Somo: asubuhi ya watu usiichezee.

Kabla ya saa mbili kulikuwa na tafakari fupi ya dini, "Thought for the Day", iliyoanza kwa jina hilo mwaka 1970. Baadaye asubuhi ikaja ibada ya kila siku. Ibada hii ilikuwapo tangu Januari 1928, na chanzo chake ni mwanamke mmoja msikilizaji aliyepigania jambo hilo kwa barua bila kuchoka mpaka wakubwa wakakubali. Barua ndo ilikuwa mlango pekee wa msikilizaji miaka hiyo. Unaandika, unabandika stempu, unasubiri. Sauti yako mwenyewe haifiki popote.

MCHANA: BEI YA NYAMA NA SAA YA WANAWAKE

Saa sita mchana kuanzia Oktoba 1970 kulikuwa na "You and Yours", kipindi cha mlaji na raia wa kawaida: duka likikuuzia kitu kibovu ufanye nini, mafao yako unayadai wapi. Msione ni mambo madogo. Februari 1971 Waingereza walibadilisha mfumo mzima wa sarafu yao, kutoka paundi ya shilingi 20 na shilingi ya peni 12, kwenda paundi ya peni 100. Bibi wa miaka sabini aliamka asubuhi akakuta hesabu aliyoijua maisha yake yote haifanyi kazi tena. Halafu ikaja mafuta kupanda bei baada ya vita vya Mashariki ya Kati vya 1973, na mwaka 1975 mfumuko wa bei ukapita asilimia 24. Katika hali kama hiyo, mtu anayekueleza taratibu jikoni kwako kwamba bei imepanda kwa nini na wewe una haki gani, huyo si mtangazaji tu, ni ndugu.

Saa saba kamili ni "The World at One". Hiki kilianza Oktoba 1965 na mtangazaji wake alikuwa William Hardcastle, aliyewahi kuwa mhariri wa gazeti la Daily Mail. Kabla yake habari za BBC zilisomwa kama waraka wa mahakamani: sauti moja, utulivu, hakuna swali. Hardcastle akaingia na uandishi wa gazetini. Alihema, alijikwaa kwenye maneno, lakini aliuliza. Kama waziri amesema jambo asubuhi, saa saba mchana waziri yuko hewani analielezea, na mpinzani wake anafuata. Hardcastle alifariki 1975, ila njia aliyoichonga haikufungwa.

Alasiri ndiyo sehemu iliyonivutia kuliko zote, kwa sababu ya "Woman's Hour". Kipindi kilianza tarehe 7 Oktoba 1946 kwenye Light Programme na kikahamia Radio 4 mwaka 1973. Chekeni kidogo: mtangazaji wake wa kwanza kabisa alikuwa mwanamume, Alan Ivimey. Saa ya wanawake, mwenye kipaza sauti ni baba!

Lakini msikidharau. Wengi walidhani kitakuwa cha mapishi na kufuma tu. Mapishi yalikuwapo, ndiyo, ila tangu miaka ya mwanzo walishaanza kuongea hewani kuhusu mambo ya mwili wa mwanamke ambayo hata majumbani yalisemwa kwa kunong'ona. Mwaka 1972 Sue MacGregor, aliyekulia Afrika Kusini, akawa mtangazaji mkuu. Hebu tazameni miaka yake hiyo ilivyokuwa na mambo. Sheria ya malipo sawa ilipitishwa 1970 ila ikaanza kufanya kazi mwishoni mwa Desemba 1975, sambamba na sheria ya kupinga ubaguzi wa kijinsia. Maana yake kwa miaka mitano waajiri walipewa muda wa kujiandaa kuwalipa wanawake haki yao! Mwanamke aliyekuwa anapiga pasi alasiri anasikia mwanamke mwenzake anamhoji mwanasiasa kuhusu mshahara wake. Pasi mkononi, siasa masikioni.

Hapo hapo kuna jambo la kushangaza. Wakati wanawake wana saa yao nzima ya kuongea, kusoma taarifa ya habari ya Radio 4 walikuwa hawaruhusiwi. Kisingizio cha siku nyingi kilikuwa kwamba sauti ya kike haina uzito wa habari nzito, msikilizaji hataamini. Ni mwaka 1974 ndipo Sheila Tracy akawa mwanamke wa kwanza kusoma habari Radio 4. Elfu moja mia tisa sabini na nne, jamani! Binadamu ameshatembea mwezini na kurudi, mwanamke ndo kwanza anaruhusiwa kusoma habari. Kwa hiyo mkiniuliza ratiba inatufundisha nini, nitasema isome kwa kuangalia nani yuko wapi. Kupewa kona yako ni jambo moja, na kupewa meza kuu ni jambo lingine.

Watoto nao walikuwa na dakika zao 15 alasiri, "Listen with Mother", hadithi na nyimbo kwa wasiofika miaka mitano. Kisha mchezo wa redio wa alasiri. Hapa redio inashinda televisheni bila jasho, kwa sababu jangwa, meli inayozama na jeshi la farasi vyote vinajengwa chumbani kwa bei ya karanga. Mnajua kwato za farasi zilitengenezwaje? Vifuu vya nazi viwili, unavigonga kwa mdundo. Watu wa Tanga na Lamu tuna utajiri wa farasi kumbe hatujui. Kwa sauti za ajabu zaidi, BBC ilikuwa na karakana maalum tangu 1958, Radiophonic Workshop, ambako mafundi walikata na kuunga kanda mpaka zikatoa milio ambayo haipo duniani. Karakana hiyo ilihusika pia kwenye mchezo wa kuchekesha wa anga za juu, "The Hitchhiker's Guide to the Galaxy" wa Douglas Adams, uliorushwa kwanza tarehe 8 Machi 1978, tena usiku, bila makeke. Vitabu, televisheni na filamu vyote vilikuja baadaye. Redio ndiyo mama.

JIONI: HABARI, UTANI NA MGAO WA UMEME

Saa kumi na moja "PM", saa kumi na mbili taarifa kubwa ya habari, halafu muda wa kucheka. Kuna mchezo mmoja ambao klabu yetu ya midahalo ingeufaa sana: "Just a Minute", ulioanza Desemba 1967 chini ya Nicholas Parsons. Unapewa mada yoyote uongee sekunde 60. Huruhusiwi kusita, kurudia neno wala kutoka nje ya mada. Jaribuni chumbani kwenu usiku huu, mtaona sekunde 60 ni safari ya kutoka hapa mpaka Mbeya. Mwaka 1972 kikaongezeka "I'm Sorry I Haven't a Clue", ambacho kazi yake ilikuwa kuvikejeli vipindi vya aina hiyo hiyo.

Halafu saa ya "The Archers". Huu ni mchezo wa redio wa kila siku kuhusu kijiji cha kubuni kiitwacho Ambridge. Ulianza kusikika nchi nzima tarehe 1 Januari 1951, wakati Waingereza bado wanapata chakula kwa mgao baada ya vita. Wazo lilitoka kwenye kikao cha wakulima mjini Birmingham mwaka 1948: serikali inataka mkulima azalishe zaidi, mkulima hataki kuhutubiwa, basi mpe hadithi. Ushauri kuhusu mbegu, mbolea na magonjwa ya ng'ombe ukafichwa ndani ya mapenzi, ugomvi na misiba ya familia. Wanaoikumbuka "Twende na Wakati" ya Radio Tanzania, iliyoanza 1993 na kuficha uzazi wa mpango ndani ya hadithi, wataielewa mbinu hii mara moja. Kufikia miaka ya sabini ule ushauri wa kilimo ulishapungua, ila watu walikuwa wamezoea kujua Ambridge kumetokea nini kama unavyotaka kujua habari za kwenu.

Na sasa mgao wa umeme. Mwanzoni mwa 1972 wachimba makaa ya mawe waligoma, na kwa kuwa umeme mwingi ulitokana na makaa hayo, nyumba zikaanza kukatiwa umeme kwa zamu. Mgogoro ukarudi miezi ya mwisho ya 1973. Kuanzia Januari mpaka mwanzoni mwa Machi 1974 viwanda na ofisi nyingi ziliruhusiwa kutumia umeme siku tatu tu kwa wiki. Katikati ya Desemba 1973 televisheni nazo ziliamriwa zizimwe saa nne na nusu usiku ili kuokoa umeme, amri iliyodumu mpaka Februari, isipokuwa siku za Krismasi. Mnaipata picha? Taifa tajiri, baridi, giza, mishumaa mezani. Kile kisanduku cha picha kimekuwa fanicha. Kinachoongea ni kile kidogo cha betri. Yule jamaa wa semina ningemrudisha usiku mmoja wa Februari 1972 nimuulize nani amekufa.

Jambo la pili lililobadilisha muongo huo ni simu. Oktoba 1970 Radio 4 ikaanza "It's Your Line", ambapo Robin Day alikaa studio na mgeni mkubwa na wananchi wakapiga simu kuuliza wenyewe. Kwenye uchaguzi wa Februari 1974 ikaja "Election Call": kiongozi wa chama anakaa, mama wa nyumbani anapiga, anauliza swali lake kwa lafudhi yake. Kumbukeni nilivyosema kuhusu barua. Barua inasomwa na mtu wa BBC kwa sauti ya BBC, imekatwa na kunyooshwa. Simu inakuja na kikohozi, hasira na kigugumizi. Mwanasiasa aliyezoea maswali ya waandishi anakutana na mtu ambaye bili yake iko mkononi. Oktoba 1973 Uingereza ikapata pia LBC ya London, redio halali ya kwanza ya kibiashara nchini humo, nayo ya maongezi, na simu zikawa chakula chake cha kila siku.

Na Bunge? Mpaka hapo sauti za wabunge hazikuwa zinasikika kwa utaratibu. Mwandishi alikaa kule ndani, akarudi kusimulia. Baada ya jaribio la 1975, matangazo ya kudumu ya sauti kutoka bungeni yakaanza Aprili 1978. Wasikilizaji wengi walishtuka: kumbe waheshimiwa wanazomea na kupiga kelele kama wanafunzi wa bweni siku ya mechi!

Saa kumi na mbili hiyo hiyo ya jioni, kwenye mji wa Leicester, kulikuwa na jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja. Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia wa Uganda, na zaidi ya 27,000 wakaenda Uingereza. Halmashauri ya Leicester ilifika mahali pa kulipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije huko. Wakaja. Mwaka 1976 BBC Radio Leicester ikaanzisha "Six O'Clock Show" kwa ajili ya wasikilizaji wenye asili ya Asia, wengi wao wakiwa wametoka Uganda, Kenya na Tanzania. Ilikuwa ndiyo mbegu ya kile kilichokuja kuitwa BBC Asian Network. Kutoka tangazo la "msije" mpaka kipindi cha "karibuni tuongee", miaka minne.

USIKU: SAUTI KUTOKA MOMBASA

Usiku ni wa wanaokaa chini. Saa nne "The World Tonight", kisha kitabu kinachosomwa kabla ya kulala, "A Book at Bedtime", utaratibu uliokuwapo tangu 1949. Kwa wanafunzi kulikuwa na masomo ya Open University, iliyoanza kufundisha Januari 1971 kwa televisheni, redio na vitabu vya posta. Dereva au mama wa watoto watatu alikuwa anasoma shahada jikoni. Chuo Kikuu Huria chetu cha 1992 kina ukoo na wazo hilo.

Meza ya heshima kuliko zote ilikuwa mihadhara ya Reith, inayotolewa tangu 1948 kwa kumbukumbu ya John Reith, mkurugenzi mkuu wa kwanza wa BBC. Kila mwaka mwanazuoni mmoja, mihadhara kadhaa, taifa linasikiliza. Robert Gardiner wa Ghana aliwahi kupewa mwaka 1965. Na mwaka 1979, Novemba na Desemba, akapewa Ali Mazrui.

Mazrui alizaliwa Mombasa mwaka 1933. Baba yake, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya na mtu aliyetumia magazeti kuzungumza na umma tangu mwanzoni mwa miaka ya thelathini. Mwana akawa profesa Makerere mpaka 1973, enzi za Amin zilipomshinda, na kufikia 1979 alikuwa anafundisha Michigan, Marekani. Mihadhara yake sita iliitwa "The African Condition", na aliijenga juu ya mafumbo yanayopingana. La kwanza: Afrika ni makao ya kwanza ya binadamu, lakini imekuwa ya mwisho kukalika vizuri. La pili: Waafrika si watu walioteswa kikatili kuliko wote katika historia, ila huenda ndio waliodhalilishwa kuliko wote. Unaweza kumbishia, na wengi walimbishia, hasa alivyozungumzia Waafrika kumiliki silaha za nyuklia. Lakini sikieni saa na mahali. Wiki hizo hizo pale London, kwenye mkutano wa Lancaster House, watu walikuwa wanajadili hatima ya Rhodesia, na mkataba uliofungua mlango wa Zimbabwe ulisainiwa tarehe 21 Desemba 1979. Taarifa ya habari ilimwelezea Mwafrika. Kwenye mihadhara, Mwafrika alikuwa anaeleza mwenyewe.

Sasa itoeni ile kumbukumbu ya de Manio mfukoni. Mwaka 1956 jina la mto wa Afrika lilitoka BBC kama tusi. Miaka 23 baadaye mtoto wa Mombasa anatumia masafa ya shirika hilo hilo kuwafundisha Waingereza historia yao na yetu. Sisemi BBC ilitakasika. Mihadhara sita ni ya mwaka mmoja, na miaka iliyofuata meza ilirudi kwa walewale. Lakini ulikuwa ushindi, na ushindi huo alianza kuuchonga mama wa pasi, mpiga simu mwenye bili na Mhindi wa Kampala aliyehamia Leicester.

Siku inafungwa na bahari. Tarehe 23 Novemba 1978 Radio 4 ilihamia masafa marefu ya mita 1500, ikasikika mbali zaidi, na pamoja nayo ikaja taarifa ya hali ya hewa kwa meli: Viking, Forth, Dogger, Fisher, German Bight, eneo baada ya eneo, upepo na mawimbi. Wengi waliokuwa wanaisikiliza wamelala vitandani bila hata mtumbwi waliipenda kama wimbo wa kubembelezea mtoto. Ila kwa mvuvi aliye gizani ilikuwa ni kurudi nyumbani au kutorudi.

Kwa hiyo jibu langu kwa jamaa wa semina ni hili: redio ya maongezi iliishi kwa sababu iliwafuata watu kwenye kazi za mikono yao, na ikabaki na maana pale ilipokubali, taratibu na kwa kusukumwa, kwamba wenye mikono hiyo nao wana midomo.

Kazi ya wikiendi, kwa hiari: chukueni ratiba ya redio yoyote mnayosikiliza, muandike pembeni nani anaongea saa ngapi. Wakulima wanaongea, au wanaongelewa? Akina mama wana kona, au wana meza kuu? Jumanne tukikutana semina tulinganishe. Usiku mwema.